Milango mitatu imejipinda, nyumba ya zamani Muhumba (Bukavu). Sitaki kuweka ya chuma

Binti_wa_Muhumba, 11 Mei

Wakubwa, jambo kwenu wote.

Ninakaa Muhumba, katika nyumba ambayo marehemu baba alinunua mwaka 1981. Ni nyumba ya wakati wa Wabeleji: kuta nene za matofali, dari ya juu, na milango saba ya mbao mizito kiasi kwamba kuushusha mmoja kunataka vijana wawili. Baba alikuwa akituambia ni mbao ya mti wa libuyu. Mimi kazi yangu ni kufundisha darasa la tatu, mbao siijui, lakini milango hii naijua mmoja mmoja.

Mitatu imeharibika, na kila mmoja una ugonjwa wake.

Wa jikoni umetoa tumbo. Ukiufunga, juu na chini vinagusa fremu, katikati haufiki, kidole kinapita. Tumbo limeelekea jikoni, tunakopikia kwa makala (mkaa).

Wa saloni (sebule) unakwaruza juu, upande wa kufuli. Mwaka jana, mwezi wa nne, nilimwita menizie (seremala), akapiga rabo (randa) upande mzima, ukafunga vizuri, nikamlipa. Ilipofika Julai ulikuwa na mwanya mkubwa, vumbi la barabara likawa linaingia hadi juu ya vitabu. Mvua iliporudi mwanya ukapungua, lakini kule juu ukaanza tena kukwaruza. Yaani nimepata mabaya mawili kwa mlango mmoja, na kwa pesa yangu.

Wa tatu ndio unaoniuma. Ni wa chumba cha baba. Kona ya juu, upande wa kufuli, imetoka nje karibu sentimita 2, ilhali kona ya chini inagusa fremu. Haufungi tena, tunauzuia kwa kiti. Upande wa ndani wa mlango huo baba alikuwa akitupima urefu kila Mwaka Mpya, kwa penseli, jina na mwaka. Tulizaliwa sita. Alama za kwanza ni za 1983. Za mdogo wetu wa mwisho zinaishia 1990, hakufika Mwaka Mpya uliofuata.

Ndugu zangu wote wanasema: ng'oa, weka chuma, ni usalama. Mlango wa nje tayari ni wa chuma na sigombani nao. Hii ya ndani nataka ibaki. Swali langu ni moja: mlango wa mbao wenye miaka zaidi ya 60 unanyooka, au najidanganya? Na kama unanyooka, nianze wapi ili nisiharibu zaidi?


Mzee_wa_Rabo, 11 Mei

Mama mwalimu, pole. Unanyooka. Si mpaka uwe kama kioo, lakini mpaka ufunge. Mimi nina karakana yangu ya mbao Kadutu, kazi hii nimeanza 1979, na milango ya Wabeleji nimeshusha mingi.

Jambo la kwanza: mwezi huu usiguse kitu. Tuko mwisho wa mvua, mbao imekunywa tangu Septemba. Huyo aliyepiga rabo mwezi wa nne alikata mbao iliyovimba. Kiangazi kilipokuja ikarudi mwili wake, ukabaki na mwanya. Mlango unaokwaruza wakati wa mvua unapigwa alama wakati wa mvua, unakatwa wakati wa kiangazi.

Jambo la pili: mbao haivimbi sawa pande zote. Kwa urefu karibu haisogei. Kwa upana ndiyo inayovimba na kusinyaa. Ndiyo maana watu wa zamani hawakutengeneza mlango kwa bao moja pana. Tazama wako: kuna miti miwili ya kusimama, kuna miti ya kulala iliyoingia kwa ulimi ndani ya tundu, na katikati kuna vibao vinavyokaa ndani ya mfereji bila gundi, ili vivimbe na kusinyaa bila kusukuma mtu. Kama kuna aliyepiga misumari kwenye vibao hivyo, au rangi imevigandisha, niambie.

Na mlango hujipinda pale upande mmoja unapokunywa kuliko mwingine. Upande uliolowa unarefuka kidogo na kutoa tumbo, upande mkavu unaingia ndani. Mara nyingi mtu amepaka rangi upande mmoja tabaka nne, mwingine akaacha mtupu. Au juu na chini, pale macho hayafiki, hapajawahi kupakwa chochote, na mbao inanyonya maji kwa mdomo huo kama mrija.

Kwa hiyo kabla hatujazungumza dawa, nipimie:

Chukua nyuzi mbili. Vuta moja kutoka kona hadi kona ya mlango, na ya pili kutoka kona nyingine hadi kona, zipitane katikati. Mlango ulionyooka, nyuzi zinagusana tu pale zinapopitana. Ukijipinda, kuna nafasi kati yao, au zinasukumana. Zikisukumana, ya chini ipitishe juu, utaiona nafasi. Nafasi hiyo zidisha mara mbili, ndiyo kona ilivyotoka. Kwa mlango wenye tumbo vuta uzi mmoja juu hadi chini, upande ulioingia ndani, upime katikati.

Halafu ning'iniza timazi kwenye fremu, kila mwimo. Niambie pia bawaba ni ngapi, na gusa kwa mkono ukingo wa juu wa kila mlango: kuna rangi au kuna mbao tupu?


Kijana_wa_Himbi, 12 Mei

Dada, niko Goma. Sisi tulioshukiwa na lava Januari 2002 nyumba ya babu iliondoka yote, hatukubaki na mlango wala bawaba. Kuhusu mbao sina la kukufundisha. Lakini usiwasikilize ndugu zako. Hata usipofunga, uegemeze ukutani.


Mwashi_Ibanda, 12 Mei

Ninaongeza kwa upande wa ukuta, kwa sababu mara nyingi mlango unahukumiwa bila kosa. Hapa kwetu ardhi inatembea. Mtaa wa Funu watu wanajua: mteremko mzima unashuka polepole na nyumba zinashuka nao. Muhumba si Funu, lakini kumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Mimi mwaka ule nilizunguka parseli (viwanja) nyingi kuziba nyufa, na karibu kila mahali ufa ulianzia kwenye kona ya juu ya mlango au dirisha na kupanda kwa mshazari. Pale ndipo ukuta ni dhaifu. Fremu ikisogea milimita 10, mlango ulionyooka kabisa utakwaruza, na wewe utalaumu mbao.

Mama, tazama juu ya mlango wa saloni. Kama kuna ufa, chukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, kigandishe juu ya ufa kwa plasta pande zote mbili, andika tarehe. Ukuta ukiendelea kusogea, kioo kitavunjika. Kikibaki kizima miezi sita, basi ufa ni wa zamani, umelala. Chunguza pia maji ya matole (mabati ya paa) yanaangukia wapi. Yakianguka kwenye msingi upande mmoja, hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye mlango.


Binti_wa_Muhumba, 19 Mei

Aksanti sana kwenu. Mzee, nimepima na watoto wa dada yangu, Jumamosi nzima.

Jikoni: tumbo milimita 11. Bawaba mbili tu, ya katikati ilishang'olewa, matundu ya visi (skrubu) bado yanaonekana. Upande wa koridoo una rangi ya mafuta, imepakwa juu ya nyingine. Upande wa jikoni ilishabanduka, mbao iko wazi na nyeusi kwa moshi.

Saloni: nyuzi zinagusana. Mlango umenyooka! Mwimo wa kufuli ndio umelala, milimita 14 kutoka juu hadi chini. Na ufa upo, unapanda kutoka kona ileile. Nilikuwa nimeuficha kwa kalenda. Nimegandisha kioo tarehe 15.

Chumba cha baba: nafasi ya nyuzi milimita 9, kwa hiyo kona imetoka 18. Bawaba tatu. Ukingo wa juu ni mbao tupu, mikwaruzo ya msumeno bado iko. Upande wa nje una rangi nyeupe, nimehesabu tabaka tano pale ilipochubuka, kwa sababu kila tulipopata sikukuu kubwa nyumba ilipakwa. Upande wa ndani hauna kitu. Baba hakuruhusu mtu aupake, kwa ajili ya alama zetu.

Mzee, niliposoma maneno yako juu ya tabaka nne nilikaa kitini.


Muuguzi_Bagira, 19 Mei

Mama, neno moja kabla hujaanza kukwangua rangi. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake linaumiza watoto wadogo, ubongo na damu. Msisugue kwa msasa mkavu ndani ya nyumba. Lowesheni kwanza, kwangueni ikiwa na maji, kusanyeni mabaki kwenye gazeti, na watoto waoge mikono kabla ya kula. Waliokusaidia kupima wana miaka mingapi?


Binti_wa_Muhumba, 19 Mei

Kumi na mbili na kumi na nne. Nitawatoa kwenye kukwangua. Aksanti.


Mzee_wa_Rabo, 20 Mei

Vipimo vyako ni safi, Mama mwalimu. Wanafunzi wangu hawanipi hivi.

Saloni: usinyooshe kilichonyooka. Ngoja Julai. Mlango ukiwa mkavu, kata juu kwa mshazari kufuata fremu ilivyolala, na acha milimita 3 za mvua. Ule mwanya wa mwaka jana unazibwa kwa upapi wa mbao ileile, lakini ugandishe upande wa bawaba, si wa kufuli. Upande wa kufuli utabomoa kazi ya kufuli yote.

Jikoni: bawaba zako bila shaka ni pomeli, zile ambazo mlango unanyanyuliwa ukatoka bila kufungua visi. Chomeka mtaimbo chini, nyanyua, usipige nyundo. Mlango ukishuka, uulaze kivulini, chini ya baraza, si juani. Watu wanaanika mlango juani wakidhani wanaukausha, jua linakausha uso mmoja kwa siku mbili na linaleta tumbo jipya au nyufa. Weka vipande vitatu vya mti chini yake, hewa ipite juu na chini, siku 15 bila kufanya lolote. Wakati mwingine theluthi ya kupinda inaondoka hapo peke yake.

Kisha tafuta magogo mawili, uyaweke chini ya ncha mbili, juu na chini ya mlango. Tumbo litazame juu. Upande ulioingia ndani, ambao sasa uko chini, upanguse kwa kitambaa kibichi jioni, ubichi tu, si maji ya kutiririka. Gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa, ukiilowesha sana au ukiichemsha inaachia na mlango wote unafunguka viungo. Katikati laza ubao mnene kwa upana, ukanyage ile miti miwili ya kusimama. Usibebeshe vibao vya kati, vitapasuka. Juu ya ubao weka mfuko mmoja wa simenti, kilo 50. Baada ya siku tatu ongeza wa pili. Unataka mlango upite kunyooka, uingie upande wa pili kama milimita 5, kwa sababu ukitoa mzigo utarudi. Ukae hivyo wiki mbili. Haraka hapa hakuna. Mbao iliyojipinda miaka 20 haisikii kelele za siku mbili.

Ukirudi kwenye fremu, rudisha bawaba ya katikati. Matundu ya zamani yazibe kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, ndipo visi vipate kuuma.

Sasa wa baba. Huo sikuambii kuulowesha hata tone. Penseli haipendi maji wala msasa. Ulaze chini, upande wa alama ukitazama juu. Kona mbili zinazokabiliana zitagusa chini, mbili zitainuka. Zile zinazogusa ziwekee vipande vya mti vya sentimita 2. Zile zilizoinuka zikandamize kwa mawe, na blanketi chini ya mawe. Subiri. Kama zile 18 zitashuka hadi 10, mshukuru Mungu na usimame hapo.

Zinazobaki tunazimaliza kwenye bawaba. Kona yako ya juu ya kufuli imetoka. Basi bawaba ya chini, iliyo mshazari na kona hiyo, isogeze milimita 5 mbali na bega la fremu, pale mlango unapogota ukifungwa. Mlango utaegemea, na kona ya juu itaingia karibu milimita 5. Ya katikati isogeze nusu yake. Chini, upande wa bawaba, mlango utatokeza kidogo, lakini macho yanatazama kufuli, hayatazami huko.

Na mwisho, pande zote sita. Mbele, nyuma, juu, chini, na kingo mbili. Upande wa nje ukiwa na tabaka tano na wa ndani ukabaki mtupu, utarudi kunipigia simu. Kwenye alama pakeni verni (vanishi) isiyo na rangi, nyembamba, kwa kudonoa na pamba, si kwa brashi. Jaribu kwanza mahali penye mstari usio na jina.


Binti_wa_Muhumba, 24 Agosti

Ninarudi na habari za milango.

Wa saloni ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Menizie wa jirani alikata juu kwa mshazari mbele yangu, nikiwa nimeshika karatasi yenye vipimo vya Mzee, akagandisha upapi upande wa bawaba. Unafunga kwa kidole.

Wa jikoni umetoka 11 hadi 4. Tulitumia mifuko ya simenti ya jirani anayejenga, tukairudisha mizima. Nilipotoa mzigo mara ya kwanza ulirudi hadi 7 na nikakata tamaa, nikaurudishia mzigo wiki tatu nyingine. Nilipopaka ukingo wa chini niligeuza mlango nikakuta mbao pale imekuwa laini, kucha inaingia. Tulikata sentimita 2 na kuunga kipande kipya.

Wa baba niliufanya mwenyewe, sikutaka mkono mwingine. Wiki tano chini, kwenye chumba chake, kwa mawe tuliyotoa kando ya ziwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilivuta nyuzi. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu nyuzi zikaonyesha 8 badala ya 9, nikamwita dada yangu aje aone kwa macho yake. Sasa ni 5, yaani kona 10. Bawaba tumesogeza kama ulivyosema.

Verni nilijaribu kwanza kwenye mstari mmoja ambao baba aliukosea mwaka 1986 akaufuta nusu. Haukutawanyika. Ndipo nikapaka zote, moja moja, kwa pamba, kuanzia chini. Za mdogo wetu ziko chini kabisa, kwa hiyo nilianza na zake, nimepiga magoti.


Kijana_wa_Himbi, 25 Agosti

Dada, aksanti kwa kurudi kutuambia. Nimemsomea mama yangu hapa.


Mwashi_Ibanda, 25 Agosti

Na kioo?


Binti_wa_Muhumba, 25 Agosti

Kizima. Miezi mitatu na siku kumi. Na maji ya matole nimeyaelekeza kwenye mtaro, yalikuwa yanaanguka palepale nyuma ya saloni.


Binti_wa_Muhumba, 9 Novemba

Mvua imepiga wiki sita sasa, nikaona niwape habari za kweli, si za kiangazi tu.

Saloni: unafunga, mwanya umebaki kama unene wa kadi. Kioo bado kizima. Jikoni: tumbo limetoka 4 hadi 5, lakini kitasa kinakamata. Wa baba: unafunga na ufunguo unazunguka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi yake. Lakini kona ya juu bado iko nje milimita 3, na nikitazama kutoka kitandani naona mstari wa mwanga wa koridoo. Mzee, nifanye nini? Nisogeze bawaba tena, au niurudishe chini ya mawe?


Mzee_wa_Rabo, 9 Novemba

Milimita 3 mwezi wa Novemba si ugonjwa, Mama mwalimu. Usisogeze kitu. Andika tarehe na kipimo kwa penseli kwenye ukingo wa juu, pale pasipoonekana, upime tena Julai.


Binti_wa_Muhumba, 10 Novemba

Nimeandika.